Pima kwanza kabla ya kuparura: mwongozo wa polishi ya shelaki

Kila harusi zinapokaribia, na kila Ramadhani inapoelekea ukingoni, nyumba nyingi za Mwambao hutoa samani zake zikafanywe upya. Kitanda cha samadari cha nyanya, kasha la misumari ya shaba na meza ya kioo aliyoolewa nayo mama hupakiwa mkokoteni na kupelekwa karakana. Siku chache baadaye hurudi vikimeremeta kama plastiki. Mwenyewe hufurahi, kwani kile kizee kimekuwa kipya.

Mimi ni seremala, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kukarabati samani kuukuu. Vitu vya namna hiyo huniijia miaka miwili au mitatu baada ya kung'arishwa, vanishi ikiwa imeanza kubambuka kama ngozi iliyoungua jua. Nikivitazama kwa karibu naona mashine ya msasa imekwisha kupita. Ncha za nakshi zimelala, maua yaliyochongwa hayana tena ukali wake, na ile rangi ya mbao iliyoivaa kwa miaka sitini au themanini imekwenda na vumbi. Vanishi naweza kuitoa. Nakshi iliyosagwa siwezi kuirudisha, wala hakuna fundi awezaye.

Linalosikitisha ni kwamba vingi kati ya vitu hivyo havikuhitaji kuparurwa. Vilikuwa vimepakwa shelaki, na shelaki ina sifa moja ambayo vanishi nyingi za dukani hazina: iliyo kuukuu huyeyuka tena kwa spiriti, na koti jipya hushikana na la zamani likawa kitu kimoja. Maana yake ni kwamba hutengenezwa pale pale ilipoharibika, bila kuiondoa yote. Makala haya ni ya mwenye nyumba, ajue kilicho juu ya mbao zake kabla hajakubali kiparurwe. Pia ni ya fundi kijana ambaye hakufundishwa kazi hii kwa sababu karakana aliyokulia ilikuwa na bunduki ya kupulizia tu.

Shelaki ni nini

Shelaki hutokana na mdudu mdogo sana aitwaye kwa jina la kitaalamu Kerria lacca. Wadudu hawa hujikusanya kwa maelfu juu ya vijiti vya miti fulani, hasa India na Thailand, wakafyonza maji ya mti na kutoa ute unaoganda ukawafunika. Mmoja wa miti wanayoipenda ni mkunazi, ule ule ambao majani yake sisi tunayajua kwa maji ya kuoshea maiti. Wavunaji hukata vijiti vilivyofunikwa, wakakwangua lile ganda, wakalisaga na kuliosha ili rangi yake nyekundu itoke. Zamani rangi hiyo ilikuwa na thamani kubwa kwa kutia nguo. Baada ya hapo huyeyushwa, huchujwa, hutandazwa kama karatasi nyembamba na kuvunjwa vunjwa. Ndiyo yale magamba ya rangi ya asali unayouziwa kwa uzito.

Katika lugha za Bara Hindi utomvu huu huitwa lakh, na neno hilo hilo ni hesabu ya 100,000, ambayo sisi tumeichukua tukasema laki. Wengi huyaunganisha maneno hayo mawili kwa sababu ya wingi wa wadudu wenyewe. Lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri barua na vifurushi, nayo kwa asili ilitengenezwa kwa utomvu huu.

Hata muziki wetu ulipita humo. Santuri za zamani, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika na kuvunjika zikianguka, zilitengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilichapwa katika sahani za namna hiyo. Kwa hivyo kitu hiki si kigeni kwetu. Kilikuja kwa bahari ile ile iliyoleta makasha ya misumari ya shaba na viti vya mbao za msaji, na mafundi wa Kihindi waliofungua karakana katika miji yetu walikuja na ujuzi wa kukipaka.

Isichanganywe na sandarusi

Wazee wengi wakisikia polishi ya utomvu husema, "Ah, sandarusi." Hivi ni vitu viwili. Sandarusi ni utomvu wa mti, msandarusi, unaoota hapa hapa Mwambao, na iliyo bora ni ile iliyokaa ardhini muda mrefu ikawa ngumu kama jiwe. Katika karne ya 19 ilikuwa bidhaa kubwa ya Unguja. Ilisafirishwa hadi Ulaya na hadi mji wa Salem huko Marekani, ikapikwa kuwa vanishi.

Tofauti kwa fundi iko katika matumizi. Sandarusi ngumu haikubali kuyeyuka kwa spiriti peke yake. Sharti ipikwe kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta, kazi ya kiwandani na ya hatari. Shelaki huyeyuka ndani ya chupa usiku mmoja bila moto wowote. Kwa hivyo mtu akikuuzia "sandarusi" ya kupaka samani nyumbani, muulize hasa ni nini anachokuuzia.

Kujua kilicho juu ya mbao zako

Usikisie kwa macho. Shelaki, vanishi ya kupuliza na vanishi ya mafuta zote zaweza kung'aa sawasawa. Pima hivi.

Tafuta mahali pasipoonekana, kama chini ya kiti, nyuma ya mguu wa kitanda au ndani ya ukingo wa mlango wa kabati. Futa vumbi na nta kwa kitambaa kikavu. Kisha tia tone moja la spiriti, ungoje kiasi cha dakika moja, uguse kwa kidole au kijiti cha pamba.

Ikiwa pamelainika na kunata, na pamba imetoka na rangi ya chai, hiyo ni shelaki. Ikiwa hapakubadilika kitu, jaribu tone la thina mahali pengine. Pakilainika kwa thina na si kwa spiriti, hiyo ni vanishi ya kupuliza ya kawaida ya karakana. Pasipolainika kwa yote mawili, basi ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hapo ushauri wa makala haya juu ya ukarabati haufai. Fuata mpangilio huo, spiriti kwanza na thina baadaye, kwa sababu thina kali yaweza kusumbua shelaki pia na kukupotosha.

Kipimo hiki huchukua dakika tano na hugharimu tone la spiriti. Ndicho ninachoomba kila mwenye kitu cha kale akifanye, au amtake fundi akifanye mbele yake, kabla mashine haijawashwa.

Kukarabati bila kuparura

Ukishajua ni shelaki, maradhi mengi yana dawa nyepesi.

*Duara jeupe la glasi au kikombe.* Unyevu umeingia katika polishi, haujafika kwenye mbao. Chukua kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kitie spiriti kidogo sana, ukikamue mpaka ukikigusisha shavuni uhisi ubaridi tu bila maji. Pitisha juu ya doa kwa wepesi, mkono ukienda na kutoka bila kusimama. Mara nyingi doa hufifia baada ya kupitisha mara chache. Ukiona panaanza kunata, acha, rudi kesho.

*Duara jeusi.* Hapa maji yamepenya hadi kwenye mbao, au yamekutana na chuma. Kufuta juu hakutoshi. Hii ni kazi ya fundi, lakini ni ya sehemu ile tu, si sababu ya kuparura meza nzima.

*Mistari mistari kama udongo uliokauka.* Polishi imezeeka ikapasuka. Kidonge chenye spiriti na shelaki nyembamba kidogo, kikipitishwa kwa uvumilivu, huilainisha ile ya zamani ikajiziba yenyewe.

*Mikwaruzo na sehemu zilizochakaa*, kama mikono ya kiti. Safisha, paka shelaki ya rangi inayolingana, koti jembamba juu ya jembamba, mpaka palingane na pengine.

*Weusi wa jumla.* Mara nyingi huo si rangi ya mbao wala polishi mbovu, bali moshi, jasho la mikono na nta ya miaka. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ugeuze kitambaa kila kinapochafuka. Tapentaini haiyeyushi shelaki. Nimeona wenye vitu wakinyamaza kwa mshangao, kwani waliyodhani ni mbao nyeusi ilikuwa msaji mwekundu uliokuwa ukingoja kuoshwa uso.

Kuchanganya

Kwa kazi ya kidonge, gramu 200 za magamba kwa lita moja ya spiriti ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwa kiti kimoja anza na gramu 50 kwa robo lita. Tia katika chupa ya kioo au ya plastiki, usitumie kopo la chuma, kwani chuma huifanya shelaki kuwa nyeusi. Tikisa mara kwa mara ili magamba yasigande chini. Iache usiku kucha, asubuhi uichuje kwa kitambaa chepesi.

Spiriti iwe ile ya kuchomea na kuchanganyia rangi, isiyo na maji. Ile ya dukani ya kusafishia vidonda, ya asilimia 70, ina maji mengi na itakutia weupe katika kazi.

Andika tarehe juu ya chupa. Shelaki iliyochanganywa haidumu. Kwa joto letu, ikipita miezi michache ianze kutiliwa shaka. Ikizeeka hubaki laini na kunata, haikauki tena ikawa ngumu. Kabla ya kuitumia, dondosha tone juu ya kioo. Kesho yake likiwa bado linaingia ukucha, mwaga, changanya nyingine. Magamba makavu hukaa muda mrefu zaidi yakiwekwa mahali pa baridi na pakavu, kwa hivyo changanya kiasi cha kazi iliyo mbele yako tu.

Rangi ziko kadhaa, kuanzia kahawia iliyokoza, ya machungwa, hadi iliyosafishwa ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Kwa mbao za giza kama mkangazi chukua iliyokoza. Kwa mvule ile ya machungwa hutoa joto zuri. Mbao nyeupe zitake nyepesi. Iko pia iliyotolewa nta yake ya asili. Hii ndiyo ya kutumia iwapo utapaka vanishi nyingine juu, kwa sababu vanishi ya plastiki haishiki vizuri juu ya shelaki yenye nta.

Kuandaa mbao mpya

Haya ni kwa mbao mpya au iliyokuwa tupu tayari. Piga msasa kwa mkono kufuata uelekeo wa nyuzi, nambari 120, kisha 180, kisha 240. Zamani wazee walimalizia kwa majani ya mti wa msasa, ambao ndio uliolipa karatasi yetu jina lake. Futa vumbi lote. Shelaki haifichi kitu, na mkwaruzo mmoja wa kukata nyuzi utaonekana maradufu baada ya kung'aa.

Mbao zenye vinyweleo vikubwa, kama mvule na msaji, huhitaji kuzibwa ukitaka uso laini kama kioo. Unga wa plasta uliotiwa rangi ya mbao, ukasuguliwa kwa kitambaa chenye unyevu na kufutwa kabla haujakauka kabisa, hufanya kazi hiyo. Usipotaka kioo, acha vinyweleo wazi. Viti vingi vya kale vilikuwa hivyo na vilipendeza. Mpingo wenyewe, kama ule wa kiti cha enzi cha Lamu, hauhitaji zaidi ya nta au koti moja jembamba.

Kupaka kwa kidonge

Kidonge ni pamba iliyoviringwa ukubwa wa yai la kuku, ikafungwa ndani ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kama kipande cha shuka kuukuu. Chini pawe laini bila mkunjo. Shelaki hutiwa ndani, juu ya pamba, usichovye kidonge. Kisha kibonyeze juu ya karatasi mpaka kiache alama ya unyevu bila kudondosha.

Kwanza pitisha kwa mistari iliyonyooka. Mkono uingie kutoka nje ya ukingo, upite, utoke ukingo wa pili, kama ndege wa pwani anavyogusa maji na kuruka. Usikiweke kidonge juu ya mbao kikasimama, hata kwa kupumua. Kikisimama kitayeyusha kilicho chini na kuacha kovu. Makoti ya mwanzo hukauka kwa dakika chache tu, kwa hivyo ukimaliza upande mmoja waweza kuanza wa pili.

Baada ya makoti matano au sita, badilisha mwendo: viduara vidogo, kisha umbo la nane, kisha mistari mirefu. Kidonge kikianza kushika, tia tone moja la mafuta ya parafini au ya kitani kwa ncha ya kidole chini ya kidonge. Tone moja, si kijiko. Mafuta ni ya kutelezesha tu, na mwisho lazima yatolewe.

Pumzisha usiku kucha. Kesho utaona polishi imezama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sugua kwa wepesi kwa msasa laini sana, futa, uendelee. Siku tatu au nne za namna hiyo hutosha kwa meza ya kawaida. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii methali hiyo ni kanuni ya ufundi: makoti kumi membamba hukaa, mawili mazito hupasuka.

Siku ya mwisho tumia kidonge kipya chenye spiriti kidogo mno, ukipitishe kwa kasi na wepesi ili kiondoe utando wa mafuta. Mng'aro utainuka ghafla. Asiyetaka mng'aro wa kioo aache wiki moja, kisha asugue kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya nambari 0000, yenye nta ya nyuki kidogo.

Hali ya hewa yetu

Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa kwa nchi za baridi. Hapa adui ni unyevu. Spiriti inapokauka hupooza uso wa mbao, na hewa ikiwa imejaa maji, umande hukaa juu ya polishi ikageuka nyeupe kama maziwa. Kwa hivyo siku za mvua za masika si za kupaka. Chagua siku kavu, anza asubuhi baada ya umande kuondoka, ndani ya chumba kinachopitisha hewa lakini si mbele ya upepo wa bahari wala feni. Ikigeuka nyeupe usiogope wala usiongeze koti. Ngoja siku kavu, pitisha kidonge chenye spiriti kidogo, weupe utatoka.

Mahali ambapo shelaki haifai

Nisiisifu kupita kiasi. Shelaki ni ya ndani ya nyumba. Mlango wa nje wa nakshi unaopigwa jua, mvua na chumvi haupakwi shelaki, kwani msimu mmoja tu utauharibu. Mlango huo unataka mafuta yanayoingia ndani ya mbao, kama ya kitani yaliyopikwa, yakarudiwa kila mwaka. Wajenzi wa majahazi walilijua hilo zamani. Mbao za chombo walizipaka sifa, mafuta ya papa, na chini ya maji wakatia deheni. Hawakutafuta mng'aro bali kinga.

Usiipake pia meza ya jikoni. Shelaki hulainika kwa joto la sufuria iliyotoka motoni. Chetezo cha udi kikiwekwa juu yake bila kitu chini huacha alama, vivyo hivyo buli la chai. Manukato ya kupuliza yenye spiriti yakidondoka juu ya meza ya kioo huila polishi, na dawa ya kusafishia mikono tuliyoizoea tangu korona ni hivyo hivyo. Sabuni kali na maji ya amonia huiyeyusha pia. Kwa usafi wa kila siku kitambaa kikavu kinatosha, na nta ya nyuki mara mbili kwa mwaka.

Usalama

Spiriti hushika moto haraka na moto wake hauonekani vizuri mchana. Pasiwe na jiko la mkaa, sigara wala udi unaofuka karibu, hasa katika vyumba vyetu vya vichochoroni ambako moto mmoja ni wa mtaa mzima. Spiriti ya kuchomea huwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja, na watoto wasiifikie.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani ni hatari ya peke yake. Vikikunjwa na kurundikwa huweza kupata joto vyenyewe vikawaka. Vitandaze nje vikauke, au vitie ndani ya ndoo ya maji.

Wapo wanaoniuliza kuhusu hukumu ya kutumia spiriti katika samani za nyumba inayosaliwa. Hilo wanaulizwa masheikh. La upande wangu ni kwamba spiriti hupaa yote wakati wa kukauka, na kinachobaki juu ya mbao ni utomvu tu.

Ukienda kwa fundi

Si nia yangu kuwavunja mafundi wanaopuliza. Vanishi ya kupuliza ni ya haraka, hustahimili maji kuliko shelaki, na kwa kabati jipya la jikoni ningeichagua mimi mwenyewe. Fundi anayelipwa kwa kitanda kizima shilingi za kazi ya siku moja hawezi kukaa siku nne na kidonge. Anayetaka kazi ya siku nne akubali kuilipa.

Lakini mwenye kitu cha urithi amwambie fundi mambo manne, kabla ya bei. Kwanza, pima kwa spiriti mbele yangu. Pili, usitumie mashine ya msasa juu ya nakshi wala juu ya mbao nyembamba ya kubandika, ambayo mashine huitoboa kwa sekunde chache. Tatu, ikiwa ni shelaki, safisha na ukarabati palipoharibika, usiitoe yote. Nne, ikiwa ni lazima kuitoa, itolewe kwa spiriti na kitambaa. Fundi akikwambia hayo hayawezekani, mshukuru, uchukue kitu chako urudi nacho nyumbani. Hakitaharibika zaidi kwa kungoja.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta na milango ya barabarani ina wanaoitazama na kuipigia kelele. Kitanda kilichomo chumbani hakina mlinzi ila wewe. Wazee walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao, na vanishi ya plastiki ni msala upitao. Miaka mitatu, minne, inabambuka. Kilichopo chini yake kilikwisha kukaa vizazi vitatu, na kwa chupa ya spiriti, gramu chache za magamba na kipande cha shuka kuukuu, kinaweza kukaa vitatu vingine.